Kozi za utafiti kwa mwanafunzi wa humanite Lubumbashi: ipi imfae mtoto wako?

Mzazi wa Lubumbashi anayemtafutia mtoto mahali pa kumalizia humanite, yaani sekondari ya juu, anasikia majina mengi siku hizi. Shule moja inajisifu kwa mitihani ya Cambridge ya Uingereza. Jirani aliyempeleka binti yake Lusaka anarudi na habari za IB (International Baccalaureate) na insha ya maneno 4,000. Mjomba aliye Marekani anatuma ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kuhusu AP Capstone, kozi za utafiti za Kimarekani, na wazazi wa shule ya Kifaransa hawana neno jingine ila Grand oral, mtihani wao wa mdomo. Wote wanaahidi jambo lilelile: mtoto ataacha kukariri, atajifunza kuuliza swali lake mwenyewe na kulijibu kwa kuunganisha masomo mawili matatu. Ahadi hiyo si ya uongo. Ila kozi zenyewe hazilingani, na baadhi yake haziwezi kumfikia mtoto wa mitaa kama Katuba au Kampemba hata awe na akili namna gani.

Mimi ni mwalimu wa kemia na biolojia katika madarasa ya mwisho. Nimesimamia kazi za utafiti za wanafunzi wa hapa mjini, na nimewasaidia watoto wanaorudi likizo kutoka Zambia na kazi zao mkononi. Nina upendeleo wangu, utauona.

Swali moja tulipitishe kote

Tusilinganishe majina matupu. Tuchukue swali moja, tulipitishe katika kila kozi, na liwe la makala, yaani makaa ya kupikia, maana hakuna nyumba isiyoyajua.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliniletea kichwa hiki: "Athari za makala kwa mazingira ya Katanga". Kichwa kipana hivyo unaweza kukijazia kurasa mia bila kusema kitu. Nikamtuma soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, akaongee na wauzaji. Mama mmoja akamwambia, huku akiendelea kupanga mafungu yake: "Mwanangu, usinunue tu yoyote. Haya ya mti wa mutondo yanakaa. Yale mepesi unatia kwenye mbabula, maji hayajachemka, yamekwisha." Binti akanunua ya aina mbili, akapima kilo moja moja kwenye mzani wa muuza unga, akatumia mbabula ileile (jiko la makala), sufuria ileile, maji lita mbili, akashika saa. Siku ya upepo matokeo yakagoma kufanana na ya siku iliyotulia. Hapo ndipo alipoanza kufikiri kweli: akaihamishia mbabula nyuma ya ukuta, akaanza upya, na akaandika kwenye daftari kwa nini vipimo vya kwanza amevitupa.

Sasa alikuwa na swali la kujibika: je, makala yanayouzwa ghali kwa mfuko yanakuwa ya bei nafuu ukihesabu kwa sufuria iliyochemka? Ndani ya swali hilo mna kemia ya unyevu na mwako, mna uchumi wa soko, na mna jiografia, kwa sababu kadiri msitu wa miombo unavyokatwa kuuzunguka mji, ndivyo waendesha baiskeli wanaoleta mifuko wanavyotoka mbali zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) wameandika mengi juu ya miombo na makala ya Lubumbashi, kwa hiyo hata vyanzo vya kusoma vipo karibu. Kozi yoyote inayojiita ya utafiti ipimwe kwa kile ambacho ingemfanyia binti huyu.

Njia ya nyumbani: Diplome d'Etat

Exetat, mtihani wa taifa unaoleta diploma hiyo, ilianzishwa mwaka 1967 na wengi wetu tumeipitia. Kwanza hors-session, yaani sehemu inayotangulia, yenye insha ya Kifaransa, mtihani wa mdomo na, kwa sehemu za ufundi, kazi ya vitendo. Kisha siku nne za kikao cha kawaida: utamaduni wa jumla, masomo ya chaguo, sayansi na lugha, ambapo kazi kubwa ni kuchagua jibu sahihi kati ya yaliyopangwa. Swali letu la makala lingeingia humo likiwa vipandevipande. Mlinganyo wa mwako ungekuwa siku ya sayansi, misitu ingekuwa siku ya utamaduni wa jumla, na hakuna mahali ambapo mtoto angeulizwa alipimaje au kwa nini alianza upya.

Hata hivyo, wanaoidharau Exetat wakumbuke kwamba inamlazimisha mtoto kubeba masomo mengi hadi mwisho, hisabati hata kwa yule asiyeipenda, jambo ambalo A Level, mitihani ya kumalizia sekondari ya Uingereza, haifanyi. Mtoto wa Commerciale (biashara) na wa sehemu za ufundi ana jury, jopo la kumpima, na anakwenda stage, yaani mazoezi ya kazi, na ripoti ya stage ikisimamiwa vizuri ni utafiti kamili. Tatizo ni kwamba mara nyingi haisimamiwi. Mtoto ananakili ya kaka yake, anabadili jina la kampuni na tarehe, basi.

Kuna pia programu mpya za sayansi zilizoanza kuingia madarasani mwishoni mwa miaka ya 2010, zile zinazokusanya hisabati, sayansi na teknolojia katika fungu moja linaloitwa DAS. Kila somo humo linaanza na "situation", yaani hali ya maisha ambayo mwanafunzi aitatue. Kwenye karatasi, DAS ndiyo kozi ya kuunganisha masomo tuliyonayo sisi wenyewe, bila kulipa dola za ziada. Darasani inategemea mwalimu. Mwenye wanafunzi sitini na ubao mmoja huisoma ile "situation" kwa sauti kisha akarudi kwenye muhtasari wake wa zamani, na simlaumu.

IB: ngumu kuliko zote, na ina Kifaransa

Shirika la IB lilianzia Geneva mwaka 1968. Katika diploma yake mwanafunzi anachukua masomo sita kwa miaka miwili, na katikati panakaa mambo matatu ya lazima: insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, kozi ya nadharia ya maarifa wanayoiita TOK, na shughuli za ubunifu, michezo na huduma kwa jamii. Diploma nzima ina pointi 45. Insha na TOK kwa pamoja zinaleta pointi tatu tu, jambo linalowashangaza wazazi: kazi yote hiyo kwa pointi tatu? Lakini mtoto akipata E, daraja la chini kabisa, katika mojawapo ya hizo mbili, diploma yote inaondoka.

Binti yetu wa makala angefika hapa akiwa mzima. Angeandika insha yake katika kemia, au katika somo la mifumo ya mazingira na jamii ambalo lenyewe linakaa kati ya sayansi asilia na sayansi za jamii. Kwa watakaofanya mtihani kuanzia 2027, mwongozo mpya unaruhusu waziwazi insha inayosimama juu ya masomo mawili. Angekuwa na msimamizi wa kukaa naye kati ya saa tatu na tano kwa jumla, akitarajiwa kutumia kama saa 40 za kazi yake mwenyewe, na mwishoni angefanyiwa mahojiano mafupi ya mdomo kuthibitisha kwamba kazi ni yake. Insha inasahihishwa na mtu wa nje asiyemjua, na asiyeijua mbabula. Hilo la mwisho ni zuri: linamfundisha mtoto kueleza kitu anachokiona cha kawaida.

TOK inanigusa zaidi kuliko insha. Humo mtoto anaulizwa: yule mama wa soko la Kenya anajuaje kwamba mutondo unakaa? Ujuzi wake una tofauti gani na wa binti mwenye saa na mzani? Watoto wetu, waliozoea kwamba jibu ni lile lililoandikwa ubaoni, wanateseka na maswali hayo kwa miezi kadhaa, kisha hawaachi tena kuyauliza, hata nyumbani kwa baba zao.

Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: IB inaweza kufanywa kwa Kifaransa. Kiingereza, Kifaransa na Kihispania ni lugha zake tatu. Ila shule za Lusaka zinazoitoa zinafundisha kwa Kiingereza, na karibu wote wa hapa wanaovuka mpaka wa Kasumbalesa wanakwenda kwenye Kiingereza. Wengine wanakutana na insha ya maneno 4,000 kabla hawajazoea kuandika barua ya maneno 400 kwa lugha hiyo.

AP Capstone: mpango mzuri, mlango mwembamba

Hii ni ya College Board, shirika la mitihani la Marekani lenye mitihani ya AP (Advanced Placement), ilianza mwaka 2014. Ni kozi mbili zinazofuatana. Mwaka wa kwanza ni AP Seminar: kikundi kinachunguza tatizo moja kwa pande kadhaa, kila mmoja anaandika ripoti ya maneno 1,200, wanawasilisha pamoja, halafu kila mwanafunzi anaandika insha yake ya maneno 2,000 kutokana na maandishi wanayopewa na College Board yenyewe, anaitetea kwa mdomo, na mwisho kuna mtihani wa saa mbili. Mwaka wa pili ni AP Research: utafiti wa mtu mmoja, karatasi ya maneno 4,000 hadi 5,000 inayobeba asilimia 75 ya alama, na uwasilishaji wenye maswali unaobeba 25 zilizobaki. Alama ni 1 hadi 5. Ukipata 3 au zaidi katika kozi zote mbili unapewa cheti. Ukiongeza mitihani mingine minne ya AP kwa kiwango hicho, unapata Capstone Diploma.

Kwa ufundishaji, hii ndiyo naipenda kuliko zote. IB inamwambia mtoto "nenda kafanye utafiti". AP inamchukua mwaka mzima ikimfundisha kusoma hoja ya mtu mwingine, kuipima, kuikataa kwa heshima, kabla haijamruhusu kuwa na ya kwake. Tena ina jambo ambalo kwingine linapitiwa haraka: kabla ya kuwahoji watu, mwanafunzi wa AP Research anapaswa kupata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Binti wa makala asingeweza kwenda soko la Kenya na kuwauliza akina mama mapato yao hivihivi. Kwanza angeandika atawauliza nini, majina yao atayafichaje, na mama akikataa kujibu itakuwaje. Katika mji huu, ambapo kila wiki mtu anapita na fomu za maswali kwenye migodi na masoko halafu harudi kamwe kueleza alichokipata, somo hilo pekee lina thamani.

Mlango sasa. Kozi hizi mbili hazisomwi kivyako. Mitihani mingine ya AP, mwanafunzi wa nje anaweza kuifanya akipata kituo kitakachompokea. Seminar na Research hapana: lazima shule iwe imeidhinishwa na walimu wawe wamepitia mafunzo yake. Ukiona tangazo la "AP Capstone kwa mtandao, jiandikishe leo", fungua daftari la wazi la College Board linaloitwa AP Course Ledger, utafute jina la shule hiyo. Isipokuwepo, hela yako ibaki mfukoni. Na lugha ni Kiingereza tu.

Cambridge na EPQ

Cambridge ina somo linaloitwa Global Perspectives & Research, namba 9239. Nusu ya kwanza, AS, ina mtihani wa kuchambua hoja, insha ya maneno kati ya 1,750 na 2,000, na mradi wa kikundi. Nusu ya pili ni ripoti ya utafiti isiyozidi maneno 5,000 pamoja na daftari la safari ya utafiti. Ni somo moja kati ya masomo matatu ya A Level, kwa hiyo halimezi maisha ya mtoto kama IB.

Hapa swali la makala lingebidi lipande ndege. Insha ya AS inataka mitazamo inayopingana kutoka sehemu mbalimbali za dunia: makala ya Lubumbashi yakae pembeni ya makala ya Brazil, ambako yanatumika kuyeyushia chuma viwandani. Ni zoezi zuri la kumtoa mtoto kijijini kwake. Mimi lakini nimesoma insha za namna hii ambamo mwanafunzi anazungumza juu ya nchi nne bila kuwa amegusa kitu chochote katika hata moja.

EPQ (Extended Project Qualification) ni ndugu yake wa Uingereza, mradi mmoja wenye uzito wa nusu ya A Level. Mwanafunzi anaandika ripoti ya kama maneno 5,000, au anatengeneza kitu na kukisindikiza na maandishi ya angalau maneno 1,000. Nusu hiyo ya pili ya sentensi ndiyo inayonifurahisha. Binti angeweza kutengeneza mbabula bora, aipime, aionyeshe, ajibu maswali ya walimu na wenzake, na hiyo ikawa ndiyo kazi yake. Hakuna kozi nyingine katika orodha hii inayompa heshima kamili mtoto ambaye akili yake iko mikononi. Daftari la mchakato linasahihishwa pia, kwa hiyo kubadili mawazo katikati ya njia si aibu bali ni sehemu ya alama. Baadhi ya vyuo vikuu vya Uingereza hupunguza masharti yao ya alama kwa mwenye EPQ nzuri. Inahitaji kituo kilichosajiliwa na msimamizi, na bila A Level pembeni haimfikishi mtu popote.

Grand oral, na Wabelgiji kwa kifupi

Lubumbashi tuna Lycée français Blaise Pascal, na wanaomaliza kwenye mfumo wa Ufaransa wanafanya Grand oral, iliyoanza mwaka 2021. Mwanafunzi anaandaa maswali mawili kutoka katika masomo yake ya ubobezi, juri inachagua moja, anapewa dakika 20 za kujiandaa, anazungumza dakika kumi na kuulizwa dakika kumi. Mmoja wa majaji wawili hafundishi somo hilo, kwa hiyo mtoto lazima aeleweke.

Kama zoezi la kusema, ni zuri sana. Wanafunzi wetu wengi wanaandika vizuri na kusimama vibaya. Kama utafiti, ni jepesi: hakuna karatasi inayosahihishwa, na mtoto mwerevu anaweza kujenga swali zuri kutokana na kurasa mbili za intaneti. Ufaransa ilikuwa na kitu bora zaidi, zile kazi za vikundi zilizoitwa TPE, zilizounganisha masomo mawili na kudumu miezi kadhaa. Mageuzi ya bac, mtihani wa mwisho wa sekondari ya Ufaransa, yaliziondoa mwaka 2019. Naona walipoteza.

Shule ya Kibelgiji inafuata programu ya Wallonie-Bruxelles inayoishia kwenye cheti cha kumaliza sekondari, CESS. Huko kazi ya mwisho wa masomo, TFE, hutegemea uamuzi wa shule, kwa hiyo uliza kama ipo kabla ya kuihesabu.

Mambo yanayoamua kweli

Lugha kwanza, kwa sababu inaamua mengine yote. Katika kozi hizi mtoto hapimwi kwa kujua jibu, anapimwa kwa kujenga hoja kwa maneno elfu kadhaa. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa hadi miaka kumi na sita, ukimpeleka moja kwa moja kwenye Cambridge au AP, unampima Kiingereza huku ukilipia utafiti. Mpe mwaka wa lugha kabla, au mtafutie njia ya Kifaransa. Kuna mzazi aliyeniambia, "Mwalimu, watoto wanashika lugha haraka." Wanashika haraka lugha ya uwanjani. Ya kutofautisha "inaonyesha" na "inathibitisha" inachukua muda mrefu zaidi.

La pili: atakwenda wapi baada ya hapo? Kama ni UNILU, Diplome d'Etat ndiyo njia iliyonyooka. Mwenye cheti cha nje anahitaji ekivalansi, yaani hati ya kulinganisha cheti chake na cha nchi, kutoka wizarani Kinshasa, na faili hiyo ina nakala zake, gharama zake na subira yake. Wapo wanaojaribu kushika vyote, mtoto afuate Cambridge na wakati huohuo ajiandikishe Exetat kama otodidakti, yaani mtahiniwa binafsi. Mimi siwashauri. Mitihani ya IB na AP huangukia mwezi wa tano, Cambridge ya kati ya mwaka huenda hadi wa sita, na maandalizi ya Exetat yako palepale. Kinachokufa kwanza katika msongamano huo ni ule utafiti uliokulipisha dola zote. Kama safari ni ya Uingereza au Marekani, mambo yanageuka: IB inaeleweka kila mahali, A Level yenye EPQ au 9239 inatosha sana kwa Uingereza, na AP inamfaa zaidi anayeelekea Marekani.

La tatu ni msimamizi, na hapa nina ukaidi. Kozi ya utafiti bila mtu mzima wa kumwuliza mtoto "umejuaje?" ni insha ndefu tu. Tangu simu zianze kuandika zenyewe, jambo hili limekuwa zito maradufu. Angalia ni wapi katika kozi mtoto anaulizwa uso kwa uso. AP inahesabu utetezi wa mdomo katika alama. EPQ ina maswali baada ya uwasilishaji. IB ina mahojiano ya mwisho. Grand oral ni uso kwa uso mwanzo hadi mwisho. Ripoti ya stage ya hapa kwetu, inayopigwa muhuri bila kufunguliwa, haina hata moja ya hayo.

Vyanzo vya kusoma vinatisha wazazi kuliko inavyostahili. Mtoto wa Lubumbashi ana maktaba ya Halle de l'Étoile, ana makumbusho ya taifa, ana UNILU, na kwa Kifaransa majarida mengi ya tovuti za Persée na OpenEdition yanasomwa bure. Umeme ukikatika wiki nzima ni shida ya kweli, lakini faili zilizopakuliwa mapema zinasomeka kwenye simu.

Ningemwelekeza nani wapi

Familia yenye uwezo wa kati, mtoto anayetarajia UNILU au chuo kingine cha nchi: abaki kwenye Diplome d'Etat, na zile dola za shule ya kimataifa zisitafutwe kwa mkopo. Badala yake wazazi waisukume shule ianzishe kazi moja ya utafiti katika darasa la tatu la humanite, sio la nne ambalo Exetat imelimeza. Tunaweza kuchukua kipande kizuri cha kila kozi bila kumlipa mtu: daftari la mchakato la EPQ, ruhusa ya kuhoji watu ya AP, ukomo wa maneno wa IB, na juri ya Grand oral yenye mwalimu mmoja wa somo jingine. Kurasa kumi zinatosha, pamoja na hela ya kuchapa. Haileti cheti chochote. Ila atakapofika chuo kikuu na kudaiwa ile kazi ya mwisho ambayo wengi bado tunaiita TFC, atakuwa amewahi kuuliza swali, wakati wenzake wanatafuta mtu wa kuwaandikia.

Mtoto anayependa kusoma kila kitu, anayemudu Kiingereza au aliyepata shule ya IB kwa Kifaransa, na ambaye familia imeamua kwamba atasomea nje: IB. Kwa mtoto anayependa mambo matatu tu na kuchoka na mengine, IB ni mateso. Huyo apewe A Level, na achague EPQ kama anatengeneza vitu, au 9239 kama anapenda mabishano. AP Capstone ni ya yule ambaye tayari yumo katika shule ya Kimarekani iliyoidhinishwa. Kuhamisha familia kwa ajili yake sioni sababu. Wa shule ya Kifaransa abaki alipo, na mzazi amtafutie kazi ya kuandika pembeni, maana mdomo wake utakuwa tayari umenolewa.

Kabla ya kulipa popote, omba mambo mawili ofisini. Kwanza namba ya idhini ya shule, uikague mwenyewe kwenye tovuti ya IB, ya Cambridge au ya College Board. Pili, kazi moja ya mwanafunzi wa mwaka uliopita, jina likiwa limefutwa, yenye maoni ya msimamizi pembeni. Soma maoni hayo, hata kama kemia huijui. Ukikuta "vizuri" na "rekebisha tahajia" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, umeona unacholipia. Ukikuta "siku ya upepo ulifanya nini?", waulize mwalimu huyo ana wanafunzi wangapi wa kusimamia mwaka huu, na kama bado ana nafasi.